Kabla ya Kununua Mfuko wa ETF Ulioongoza: Namna ya Kuupima kwa Karatasi na Kalamu

Mwishoni mwa mwaka 2020, mtu aliyefungua orodha ya mifuko ya ETF (mifuko ya uwekezaji wa pamoja inayouzwa katika soko la hisa) iliyofanya vizuri zaidi Marekani alikutana na majina mawili yaliyokuwa yakizungumzwa kila mahali. La kwanza lilikuwa ARK Innovation, mfuko wa kampuni za teknolojia mpya ulioanzishwa mwaka 2014 chini ya meneja wa uwekezaji Cathie Wood, ambao thamani yake ilikuwa imepanda kwa takriban asilimia 150 ndani ya mwaka mmoja. La pili lilikuwa Invesco Solar, mfuko wa kampuni za umeme wa jua, uliokuwa umepanda kwa zaidi ya asilimia 200. Mwaka huohuo fahirisi ya S&P 500, ambayo hufuatilia kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani, ilileta takriban asilimia 18 pamoja na magawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Ni vigumu kumlaumu mtu aliyeitazama ile 18 akaiona ndogo.

Yaliyofuata yanajulikana. ARK Innovation ilishuka kwa takriban asilimia 23 mwaka 2021, kisha ikaporomoka kwa asilimia 67 mwaka 2022. Invesco Solar ilimaliza kila mwaka ikiwa chini kwa miaka minne mfululizo, kuanzia 2021 hadi 2024. Aliyeweka dola 1,000 katika ARK Innovation siku ya mwisho ya 2020 alikuwa na takriban dola 425 mwishoni mwa 2023, ingawa mfuko huo ulipanda kwa zaidi ya asilimia 60 katika mwaka huo wa 2023; aliyeweka kiasi hichohicho katika mfuko wa kawaida unaoifuata S&P 500 alikuwa na takriban dola 1,330.

Jibu langu kwa swali la iwapo mwekezaji wa kawaida anafaidika kwa kuwakimbiza vinara wa aina hii ni kwamba hafaidiki, na kwamba mara nyingi huumia. Hata hivyo sipendi msomaji alichukue jibu hili kwa kuniamini mimi. Hapa chini naeleza namna ya kuupima mfuko wowote wewe mwenyewe, kwa hesabu ambazo mtu aliyemaliza darasa la saba anaziweza, ili siku dalali, jamaa au programu ya simu itakapokuletea kinara mwingine uwe na cha kumuuliza.

Anza kwa kujua kilichomo

ETF ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja ambao vipande vyake huuzwa na kununuliwa katika soko la hisa muda wote soko linapokuwa wazi, kama hisa ya kampuni. Wa kwanza kudumu nchini Marekani, SPDR S&P 500, ulianza kuuzwa Januari 1993, nao bado upo. Jina ETF, kwa hiyo, linaeleza namna kipande kinavyouzwa tu. Halisemi lolote kuhusu usalama wa kilichomo ndani. Mfuko mmoja unaweza kubeba maelfu ya kampuni za dunia nzima, na mwingine ukabeba kampuni thelathini za sekta moja, na yote miwili ikaitwa ETF.

Tafuta kwenye tovuti ya mwenye mfuko ukurasa unaoorodhesha mali zake, kisha andika mambo matatu: idadi ya kampuni, sehemu ya fedha iliyowekwa katika kampuni kumi za juu, na sekta inayochukua sehemu kubwa zaidi. Ukifanya hivyo kwa mifuko kumi inayoongoza orodha yoyote ya mwaka, utagundua kwamba karibu yote ni myembamba, yaani imekusanya fedha katika sekta moja, nchi moja au bidhaa moja. Haiwezi kuwa vinginevyo. Mfuko wenye kampuni 500 hauwezi kupanda mara tatu kwa mwaka, kwa sababu kampuni zinazoruka huvutwa chini na zinazodorora. Kinachoweza kupanda hivyo ni kitu kimoja kilichopata mwaka wake mzuri, nacho ndicho kinachoweza kuanguka vivyo hivyo. Mkiani mwa orodha hiyohiyo utakuta mifuko ya umbo lilelile, iliyochagua sekta nyingine. Wanaosoma nusu ya juu ya orodha pekee hupoteza somo hili, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Igawanye faida mwaka kwa mwaka

Tangazo la mfuko likisema umeleta wastani wa asilimia fulani kwa miaka mitano, usiikubali namba hiyo hadi uivunje. Andika mwaka mmoja mmoja kwenye mstari wake, na pembeni uandike ambacho fahirisi pana ilileta mwaka huohuo. Mara nyingi utakuta mwaka mmoja wa ajabu ndio unaobeba mingine minne, na kwamba mtu aliyeingia baada ya mwaka huo hakupata chochote cha kutangaza. Kisha jiulize: mimi ningeusikia mfuko huu lini? Kama ungeusikia baada ya kupanda, basi miaka iliyokutangulia haikuhusu, na faida yake ni ya watu wengine.

Kumbuka pia hesabu ya kushuka na kupanda, kwa sababu asilimia hudanganya macho. Kilichoshuka kwa asilimia 50 kinahitaji kupanda kwa asilimia 100 ndipo kirudi kilipokuwa. Kilichoshuka kwa asilimia 67 kinahitaji takriban asilimia 200.

Jaribio lingine, ambalo binafsi naliona bora kuliko maelezo yoyote, ni kutafuta orodha ya vinara ya miaka mitano iliyopita na kuufuatilia kila mfuko hadi leo. Mingine utaikuta katikati, mingine chini kabisa, na mingine hutaiona kwa sababu ilifungwa na fedha zilizobaki zikarudishwa kwa wenye vipande. Hiyo iliyofungwa haimo katika orodha mpya, na ndiyo sababu orodha mpya daima hupendeza kuliko hali halisi.

Kuhusu bahati, fikiria watu 1,024, kila mmoja akiirusha sarafu mara kumi. Kwa kawaida ya hesabu, mmoja kati yao ataona upande wa kichwa mara zote kumi, na hakuna atakayemwita bingwa wa sarafu. Mifuko ya ETF duniani sasa imepita elfu kumi. Kwa wingi huo lazima uwepo wenye miaka kadhaa mizuri mfululizo hata kama hakuna meneja mwenye jicho la pekee. Mwaka 1997 mtafiti Mark Carhart alichapisha uchunguzi wa mifuko ya hisa ya Marekani uliosomwa sana, akaonyesha kwamba kuendelea kufanya vizuri kwa mifuko iliyoongoza kulielezwa karibu kote na mwenendo wa hisa ambazo mifuko hiyo ilikuwa tayari inazo, pamoja na tofauti za gharama, wala si ustadi wa mameneja. Kilichoendelea kwa uthabiti zaidi ni ubaya wa mifuko iliyokuwa mibaya kabisa.

Tenganisha faida ya mfuko na faida ya watu waliomo

Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu ndipo fedha nyingi za watu wa kawaida hupotelea bila wao kujua.

Tuseme mfuko unaanza mwaka ukiwa na dola milioni 2, unapanda kwa asilimia 150, na unafika milioni 5. Habari zinaenea, watu wanaleta milioni 15 nyingine, na mfuko sasa una milioni 20. Mwaka wa pili unashuka kwa asilimia 23, unabaki na milioni 15.4. Ukisoma taarifa ya mfuko utaambiwa kwamba katika miaka hiyo miwili umekua kwa zaidi ya asilimia 92, na taarifa hiyo ni ya kweli kabisa, kwa sababu 1 ikipanda hadi 2.5 kisha ikashuka kwa asilimia 23 inabaki 1.925. Lakini watu wote kwa pamoja waliweka milioni 17 na sasa wana milioni 15.4. Wamepoteza milioni 1.6 ndani ya mfuko wenye faida ya asilimia 92. Waliofaidi walikuwa wachache na fedha zao zilikuwa chache. Waliokuja baadaye walikuwa wengi, na kwao ulikuwapo mwaka mmoja tu, ule mbaya.

Mfano huu nimeutengeneza, lakini umbo lake halikutoka hewani. ARK Innovation iliingia mwaka 2020 ikiwa na chini ya dola bilioni 2, na mapema mwaka 2021, karibu na kilele cha bei, ilikuwa na zaidi ya bilioni 20. Kampuni ya utafiti ya Morningstar hupima kila mwaka pengo kati ya faida ya mifuko na faida ya wenye fedha zilizomo. Kwa miaka kumi iliyoishia Desemba 2023 ilikuta kwamba mifuko ya Marekani ilileta takriban asilimia 7.3 kwa mwaka ilhali wawekezaji walipata takriban 6.3, na pengo lilikuwa pana zaidi katika mifuko ya sekta moja. Asilimia 1 yaonekana kitu kidogo. Dola 10,000 zikikaa miaka thelathini kwa asilimia 7.3 hufika takriban 83,000. Kwa asilimia 6.3 hufika takriban 63,000.

Kuna sababu nyingine ya wageni kufika wakiwa wamechelewa. Kampuni zinazotengeneza mifuko hutengeneza kile ambacho watu tayari wanakitamani, nacho hutamanika kikiwa kimeshapanda. Itzhak Ben-David na wenzake watatu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, waliichunguza mifuko ya ETF ya mada maalumu nchini Marekani na kukuta kwamba katika miaka mitano baada ya kuzinduliwa ilipoteza wastani wa takriban asilimia 6 kwa mwaka baada ya kuzingatia hatari iliyobebwa. Kwa hiyo, ukikutana na mfuko mpya wenye jina la jambo ambalo kila mtu analizungumzia, angalia tarehe ya kuanzishwa kwake na bei za hisa zake katika miaka miwili iliyotangulia tarehe hiyo.

Igeuze namba iwe ya shilingi zako

Orodha nyingi huandikwa kwa dola. Msomaji wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam hali chakula kwa dola, na asipogeuza namba anasoma faida ya mtu mwingine. Chukua mwaka 2024. S&P 500 ilileta asilimia 25 kwa dola, na kwa namba hiyo tu mfuko wake ungemvutia mtu yeyote. Lakini dola ilikuwa takriban shilingi 157 za Kenya mwishoni mwa 2023, na takriban 129 mwishoni mwa 2024. Zidisha 1.25 kwa 129, gawanya kwa 157: unapata 1.03 hivi. Mkenya aliyenunua mwanzo wa mwaka alipata takriban asilimia 3 kwa shilingi, kabla ya ada yoyote, wakati fahirisi ya hisa zote za soko la Nairobi ilipanda mwaka huohuo kwa takriban asilimia 34. Sitoi mfano huu ili mtu akimbilie Nairobi kwa sababu ya hiyo 34, kwa kuwa huko nako kungekuwa kumkimbiza kinara. Wala simshauri mtu aiogope dola, kwani katika miaka iliyotangulia shilingi ilikuwa ikidhoofika na hesabu ilikwenda upande wa pili. Nataka tu hesabu hiyo ifanywe.

Dhahabu inastahili neno la pekee, kwa kuwa kwetu inaheshimika na kwa kuwa mfuko wa kwanza wa ETF kuorodheshwa katika soko la Nairobi, mwaka 2017, ulikuwa NewGold kutoka Afrika Kusini, unaoifuata bei ya dhahabu. Dhahabu ilipanda sana mwaka 2024 na 2025, na mifuko yake ilikaa juu katika orodha nyingi. Kabla ya kuinunua kwa sababu hiyo, jua kwamba Januari 1980 wakia moja ilifika takriban dola 850, ikashuka hadi karibu 250 mwaka 1999, na haikuirudia ile 850 hadi Januari 2008, yaani baada ya miaka ishirini na minane, bila gawio wala riba kwa aliyeingoja. Ilifika tena karibu 1,900 mwaka 2011, ikashuka hadi karibu 1,050 mwishoni mwa 2015, na ilikipita kilele hicho katikati ya 2020. Kuwa na kiasi fulani cha dhahabu kwa mpango ulioamuliwa mapema ni jambo la busara. Kuinunua kwa kuwa imeongoza ni jambo lingine.

Hesabu gharama za kuhamahama

Anayekimbiza vinara huhama kila mwaka, na kila kuhama kuna bei: kamisheni ya dalali, tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza, gharama ya kubadilisha shilingi kuwa dola na kurudi, na ada ya mwaka ya mfuko wenyewe. Mfuko wa Vanguard unaoifuata S&P 500 hutoza asilimia 0.03 kwa mwaka. Mingi ya mada maalumu hutoza asilimia 0.5 hadi 0.75, yaani takriban mara kumi na saba hadi ishirini na tano. Kwa Waswahili wanaoishi na kulipa kodi Marekani, faida ya kilichouzwa kabla ya kutimiza zaidi ya mwaka mmoja hutozwa kodi kama mshahara, ilhali iliyokaa zaidi hutozwa kwa kiwango nafuu. Kwa anayenunua mifuko ya Marekani akiwa Kenya au Tanzania, magawio hukatwa asilimia 30 kabla hayajamfikia. Andika yote kwenye daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika jambo hili walisema kweli tupu.

Mifuko inayoahidi kuzidisha mwendo wa fahirisi mara mbili au mara tatu kwa siku hutokea mara kwa mara juu ya orodha. Iache. Fahirisi ikishuka kutoka 100 hadi 90 kisha ikarudi 100, mwenye mfuko wa mara tatu anashuka hadi 70, kisha anapanda kwa theluthi moja na kufika 93. Fahirisi haikupoteza kitu, yeye amepoteza asilimia 7 kwa siku mbili.

La kufanya badala yake

Weka kwanza akiba ya dharura ya miezi kadhaa mahali ambapo haishuki thamani ghafla, na ulipe madeni ya riba kubwa. Mkopo wa simu haupaswi kukaa pamoja na uwekezaji wa hisa katika mfuko mmoja wa suruali. Kisha chagua mfuko mmoja au miwili mipana yenye ada ndogo, unaofuata soko la dunia nzima au nchi nyingi, na uweke kiasi kilekile kila mwezi bila kuangalia nani anaongoza. Fahamu kwamba hata S&P 500 siku hizi imeelemea upande mmoja, kwani kampuni kumi za juu zimechukua zaidi ya theluthi ya thamani yake, na hiyo ndiyo sababu napendelea mfuko wa dunia kuliko wa Marekani pekee. Fedha utakazozihitaji ndani ya miaka mitano, kama ada ya shule au kiwanja, zisiingie huko kabisa. Hatifungani za serikali au mfuko wa ukwasi, yaani ule unaokopesha fedha kwa muda mfupi, vinazifaa zaidi.

Wapo wanaofuata kanuni ya kununua vilivyopanda katika miezi ya karibuni, na haki inanilazimu kusema kwamba kanuni hiyo ina ushahidi: Narasimhan Jegadeesh na Sheridan Titman waliuchapisha mwaka 1993, kwa hisa za Marekani zilizoshikwa kwa miezi mitatu hadi kumi na miwili. Lakini wanaofaidika nayo huifuata kwa sheria iliyoandikwa, yenye siku ya kununua na siku ya kuuza, kwa mamia ya hisa na kwa gharama ndogo, na huvumilia vipindi ambavyo kanuni huanguka vibaya. Mtu anayenunua baada ya kusoma orodha na kuuza baada ya kuogopa hafuati kanuni hiyo.

Ikiwa tayari umeshanunua

Swali hili ndilo ninaloulizwa zaidi, na kwa kawaida huulizwa kwa sauti ya chini. Usingoje bei irudi uliponunua. Soko haliijui bei uliyolipa. Jiulize badala yake: kama fedha hizi zingekuwa taslimu mkononi leo, ningeununua mfuko huu tena, na kwa sehemu gani ya akiba yangu? Kama jibu ni hapana, uza, ukiangalia kodi na ada za siku hiyo, na upeleke fedha katika mfuko mpana uliouchagua. Kama bado unauamini, punguza hadi sehemu ambayo ikiporomoka kwa theluthi mbili haitabadilisha mipango ya nyumba yako. Kwa watu wengi ninaowafahamu, sehemu hiyo haizidi shilingi tano katika kila mia. Andika sababu ya uamuzi wako na tarehe yake kwenye lile daftari, na uufungue ukurasa huo tena baada ya mwaka mmoja kamili, si kabla.